Komeo la Juu

Shemeji yangu alipewa jina la Msasa na watu wa mtaani, nalo likamkaa kama rangi ya pili. Ukimkuta hana kazi, vidole vyake vinasugua kitu: ukingo wa meza, mkono wa kikombe, goti la suruali. Siku moja tulikuwa kwenye kilio, akasugua mkono wa kiti cha kukodi mpaka vanishi ikabanduka, nami nikadaiwa kiti. Nikamwambia, "Shemeji, hata msibani unatafuta kazi?" Akanijibu, "Kilikuwa na kibanzi." Hakuwa akitania. Msasa hajui utani, na ukiniuliza mimi, hilo ndilo kosa lake la kwanza.

Mimi nanunua fanicha za zamani na kuziuza. Nilianza na kiti kimoja cha miguu mitatu. Mguu wa nne niliuweka kwa mdomo. Sasa nina duka, nyuma yake karakana, nyuma ya karakana ua, na kuuzunguka ua vyumba tunamoishi. Msasa ndiye mikono ya duka. Kabati linaingia limechoka kama askari aliyerudi kwa miguu, linakaa kwake wiki, linatoka bibi harusi. Nampa kinachomtosha. Akitaka zaidi aseme. Hajawahi kusema, na mtu asiyetaja bei yake hutajiwa na wengine.

Ni ndugu wa mke wangu, mama mmoja, baba mbalimbali. Hapo nieleze vizuri, maana ndipo mambo yote yalipofungwa. Baba wa mke wangu alikuwa mwanamaji wakati wa vita, kwenye boti ya topido. Alikuwa mtu wa injini, lakini kwa kuwa ndiye aliyewanyoa wenzake, walimwita Kinyozi, na ndilo jina tunalomjua nalo hadi leo. Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake wa chumba cha injini, mwanamume mrefu mwenye sauti ya amri, aliyezoea kuyasimulia mabomba ya boti ile kama wengine wanavyosimulia ukoo wao. Mtaa ukamwita Mzee Bomba kabla hata hajazeeka. Alimletea mjane mkoba wa mikasi ya marehemu, akauweka mezani, akakaa naye. Mwaka ulipogeuka akamwoa. Mtoto wa Kinyozi akamlea kama wake, na huyo ndiye mke wangu. Halafu akazaliwa Msasa.

Watu walimsifu Mzee Bomba mpaka sifa zikachoka. "Rafiki ni yule! Amemzika mwenzake, akabeba na mzigo wake." Na yeye alijua kuibeba sifa. Kila mgeni aliyeingia nyumbani aliisikia ile hadithi, akiitaka asiitake. Boti fupi ya mbao, nyepesi, yenye mbio za mwizi. Ubavuni imebeba topido, makombora ya majini: inasogea karibu na meli kubwa, inaachia, inageuza, inakimbia. Tumboni mwake petroli tupu. Siku hiyo wakakimbia, lakini kombora la adui likawawahi nyuma.

"Kinyozi akaondoka palepale," mzee alikuwa akisema, na hapo hushusha sauti. "Hata 'eh' hakusema. Nikabaki peke yangu kule chini, moshi mpaka kwenye meno, injini moja tu ndiyo hai. Nikaishika. Nikaileta boti nyumbani. Nilipotoka juu, nahodha alinivulia kofia. Nahodha! Kwangu mimi mtu wa grisi!"

Sasa jaribu wewe kuwa mtoto wa mtu huyo. Shuleni Msasa akikosa hesabu, mwalimu anasema, "Mtoto wa shujaa huyu?" Akianguka uwanjani, wenzake: "Mtoto wa shujaa chini!" Alipokua akaenda kujiandikisha jeshi la majini. Wakamvua viatu, wakatazama nyayo zake bapa kama chapa ya pasi, wakamwambia avae viatu vyake. Alirudi nyumbani, baba yake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi. Kuna watu wa majini na kuna watu wa makabati." Alioa, lakini ndoa haikudumu. Mke alipokuwa akifunga mizigo aliniambia mimi, kwa sababu Msasa alikuwa karakana anasugua: "Shemeji, mimi niliolewa na kivuli cha baba mkwe."

Kitu kimoja ambacho Mzee Bomba hakuwahi kukitoa ni neno la kumsifu kijana wake. Msasa alimtengenezea kitanda ambacho ningekiuza kwa tajiri yeyote bila kumwonyesha mara mbili. Mzee akapitisha kiganja juu ya ubao wa kichwani, akafika pembeni, akagonga kwa kucha. "Hapa." Akaenda zake. Msasa akachukua msasa, akasugua hapo. Nilikitazama hicho kitanda kwa jicho la biashara. Pale pembeni hapakuwa na kitu.

Habari ya boti ilianzia kwenye kabati. Chama cha familia za mabaharia kilipewa ukumbi kwenye ofisi ya zamani ya bandari ili wafungue chumba cha kumbukumbu, na Katibu wao akaja dukani kwangu akitafuta kabati la vioo. Mtu mnene, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, anazungumza na wewe kana kwamba una kipaza sauti mkononi.

"Ndani yake mtaweka nini?" nikamuuliza. Simwachi mteja aondoke na bidhaa moja.

"Mfano wa boti ya topido, ndugu yangu. Akipatikana fundi."

Kule karakana, sauti ya msasa ikakatika. Msasa akatokea mlangoni na vumbi usoni. "Mimi naweza," akasema.

Nilimkata jicho. Hivyo sivyo wanavyoanza watu wa bei! Lakini neno lilikuwa limeshatoka, nikalidaka likiwa hewani. Nikamwambia Katibu kwamba fundi huyu ana mikono ya malaika, tena ni mtoto wa mtu aliyekuwa ndani ya boti hiyo yenyewe, ila bahati mbaya kuna hoteli imeshamwomba awatengenezee kitu kama hicho cha kuweka mapokezi. Hoteli gani? Hoteli tu. Katibu akajikuna shingo. Siku ile tukapatana mbao na rangi. Mara ya pili alipokuja, nikamuuliza kwenye kabati kutaandikwa nini.

"Tuna majina ya manahodha."

"Nahodha alikuwa juu anashika kofia isipeperuke. Aliyeirudisha boti ni nani?"

"Ndugu, tukianza kuandika kila mtu wa grisi..."

"Basi hoteli watamwandika."

Akacheka, akaona sicheki, akaacha. Tukapatana hivi: kibao cha shaba mbele ya kabati, jina la Mzee Bomba peke yake, na chini yake maneno "Aliyeirudisha boti." Msasa naye akaomba lake, kwa sauti ndogo, kama anaomba maji kwa jirani: sitaha iwe ya kufunuka, watu waweze kuona chumba cha injini. "Baba hakuwa juu," akasema. "Watu wakitazama juu tu, hawatamwona." Katibu akakubali.

Tangu hapo ukimtazama Msasa ungedhani ameoa upya. Alitaka jambo moja tu: mzee asimame mbele ya kioo kile akiwa bado na macho yake, asome jina lake, watu wakiwa wanamtazama. Wenzake wote wa boti walikuwa wameshakufa. Msasa alihesabu kwamba yeye na kifo wako kwenye mashindano, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameshikilia kitu ambacho watu wa majini hawawezi kukitengeneza.

Ramani ya boti haikuwepo. Ramani alikuwa mzee. Alihamishiwa karakana na kiti chake cha mikono, blanketi magotini, na vipimo vikatoka mwilini mwake. "Kutoka ngazi mpaka injini, dhiraa nne na shubiri." Ananyoosha mkono, anapima kiwiko mpaka ncha ya kidole, hewani, macho yamefumba, anatembea tena kule chini. Msasa akaamua kila dhiraa ya baba yake iwe upana wa kidole kimoja cha baba yake. Akamshika mkono, akaweka kile kidole juu ya ubao, akachora pande zote mbili kwa penseli. Nilidhani nitacheka, nikaona mzee ametulia kama anayenyolewa.

Ganda la boti lilitoka kwenye droo za kabati lililoliwa na mchwa miguuni tu. Mirija ya topido ilikuwa pampu mbili za baiskeli. Mizinga, mbavu za mwavuli. Injini alizichonga kwa vitasa vya zamani na nyaya, na hapo ndipo mzee alipokuwa mkali kuliko mwalimu wa dini.

"Bomba hilo linakwenda wapi?"

"Kwenye tangi, Baba."

"Linakwenda jehanamu! Lipitishe nyuma. Ukilipitisha hapo, fundi akiinama linamchoma mgongo. Mimi nina alama yake, njoo uone."

"Nimeiona, Baba."

"Itazame tena."

Kama kuna udhaifu mtu wa fundi hawezi kuuficha, ni huo. Mtukane mama yake atakusamehe kabla hajakusamehe kwa bomba lililokaa vibaya. Mzee Bomba hakuweza kuona kosa la boti ile akanyamaza. Hata usingizini, nadhani, alikuwa anasahihisha.

Rangi ndiyo ilikuwa vita vya pili. Chini ya mstari wa maji nyekundu, hiyo haikuwa na maneno. Juu kijivu, lakini kijivu ipi? Msasa alichanganya nyeupe na nyeusi, akapaka kibao kidogo, akampelekea.

"Hii ni kijivu ya ofisini," mzee akasema. "Boti itaamkia foleni."

Akaongeza buluu tone. "Hii ya hospitali." Akaongeza kijani. "Hii ya mtu aliyekunywa maziwa mabovu." Vibao vikapangwa ukutani kama vyeti vya kufeli. Mke wangu alikuwa akiingia na chai, anavipita, anasema, "Mdogo wangu, si umpake yeye mwenyewe hiyo kijivu, ikilingana naye umemaliza." Hata mzee alicheka siku ile. Mwishowe Msasa alipata moja ambayo mzee aliitazama, akageuza kibao kwenye mwanga, hakusema "sawa," wala hakusema kitu kingine. Kwa nyumba yetu, hiyo ilikuwa sherehe.

Mke wangu ndiye aliyemtunza mzee, tangu mama yake alipofariki. Chai, dawa, maji ya kuoga. Anapoingia chumbani kwake na sinia, mikono imejaa, anausukuma mlango nyuma yake kwa kisigino. Kila mwanamke mwenye sinia hufanya hivyo. Na kila mara mzee alimfokea. "Funga mlango kwa mkono kama mtu! Wewe ni punda?" Tulisema ni adabu za jeshi. Mke wangu alikuwa akiguna: "Jeshini walikuwa na mikono mitatu?"

Sanamu za watu zilikuwa mbili, za vijiti vya kiberiti, zimepakwa rangi ya ovaroli. Moja ya mzee, mkono kwenye wenzo wa injini. Ya pili Kinyozi.

"Mpe spana," mzee akasema. "Kubwa. Hakuwa akiiachia." Akajigusa paja. "Hata akila ilikuwa mapajani."

Mke wangu alisimama pale na kikombe, akamtazama babake wa kiberiti. Hana picha yake. Akasema, "Alikuwa mfupi hivyo?" Msasa akamjibu, "Dada, wote nimewapima sawa." Akasema, "Haya," akatoka.

Kilichobaki kilikuwa vitu vya mwisho: kamba, vidirisha, na mfuniko wa tundu la kushukia chumba cha injini. Msasa aliukata mfuniko kwenye bawaba ya shaba, mdogo kama kucha. Siku hiyo, mchana, nilikuwa karakana napigana na mteja kwa simu juu ya bei ya meza. Msasa alikuwa ameushika mfuniko kwa kibano, brashi ya nywele chache mkono wa pili. Alikuwa amegundisha komeo lake dogo upande wa chini, wa ndani. Kwa akili tu: baba yake ndiye aliyekuwa ndani, akafungua, akatoka.

Mzee akauona kutoka kwenye kiti. "Ah! Umelala? Komeo liko juu."

"Juu, Baba?"

"Juu, juu! Chini hakuna kitu, bapa tupu kama sahani. Na usilifanye jepesi hivyo, lilikuwa na kutu ya chumvi. Halikai mpaka ulipige kwa kisigino. Hivi." Akanyanyua mguu wake chini ya blanketi, akapiga sakafu. Pa.

Nilimsikia mteja akiniita kwenye simu. Nikaishusha simu.

Msasa alikuwa bado ameshika mfuniko. Hana haraka yule. Ubongo wake nao hufanya kazi kwa msasa, unasugua kidogo kidogo. Akasema, "Kisigino cha nani, Baba?"

"Nini?"

"Wewe ulikuwa chini."

"Lilikuwa... watu wa juu walifunga. Siku nyingine. Siku za mazoezi." Mzee akavuta blanketi. "Na hiyo brashi imepinda nywele, itakuchafulia kazi."

"Baba. Chini ni bapa kama sahani. Kombora limeshapiga, wewe uko chini. Ulitokaje?"

"Kulikuwa wazi!"

"Nani anaacha wazi na petroli inawaka?"

Nimeishi kwa kuwatazama watu usoni wakati bei yao inavunjika. Kuna kitu hushuka hapa, chini ya macho. Nilikiona kikishuka kwa mzee yule, nikajua tumeshafika chini ya gunia.

Alipiga kelele kwanza, kama wanavyofanya wote. "Petroli! Wewe unajua petroli? Umezoea vanishi! Moto wa petroli ukipata pumzi mara moja tu, hakuna boti, hakuna nahodha, hakuna mtu! Nilikuwa nimepanda juu kuvuta hewa, nimepanda sasa hivi tu, miguu yangu bado iko kwenye ngazi, nikasikia kishindo. Nikatoka. Nikatazama chini. Kote kunawaka. Kazi ya mtu wa injini moto ukiwaka ni kuufunga, ndivyo tulivyofundishwa, unaufunga, unaunyima hewa! Nilifanya kazi yangu!"

"Na Kinyozi?"

"Alikuwa chini."

"Akiwa ameshakufa?"

Mzee akatazama mikono yake. Sauti ya amri ikamtoka mwilini, ikabaki sauti ya mzee yeyote. "Aligonga," akasema. "Kwa spana."

Mlangoni pa ua alikuwa amesimama mke wangu na sinia ya chai. Sijui alifika saa ngapi. Alifika mapema vya kutosha. Akauliza, taratibu kabisa, kama anayeuliza kama sukari imetosha: "Aligonga muda gani, Baba?"

"Mpaka alipoacha."

Aliinama akaiweka sinia chini, sakafuni, katikati ya vumbi la mbao. "Boti aliirudisha nani?"

"Tulivutwa kwa kamba. Nahodha alisema tuseme kafa palepale. Alisema ndivyo mjane atakavyolala usingizi."

"Na kofia?" Msasa akauliza.

"Alinivulia kweli." Mzee alitaka jambo hilo lieleweke. "Kofia alinivulia kweli."

"Mama alijua?"

"Mama yenu hakuniuliza."

Nimeipima habari hiyo mara nyingi kama ninavyopima mzigo, upande huu na upande huu. Boti imejaa watu, petroli kote, mtu mmoja chini. Kufunga, hata mimi ningefunga, na sitamdanganya mtu kwamba ningesita. Kwa hilo simdai mzee kitu. Lakini kumpelekea mjane mkoba wa mikasi, kumwoa, kula chakula chake, na kila mgeni akija unasifiwa urafiki mezani mbele ya mtoto wa yule uliyemfungia: hapo bei ilizidi thamani. Angeweza kuishi na lile la kwanza peke yake. Alitaka na faida juu yake.

Kesho yake nilimkuta Msasa karakana mbele ya boti. Imekwisha, inang'aa, sitaha imefunuliwa, watu wawili wa kiberiti ndani. Kibao cha shaba kilikuwa kimeshachongwa. Katibu alikuwa amenipigia asubuhi akijisifu kwa maandishi yake. Nikamwambia Msasa neno la kazi.

"Shemeji, bidhaa imeshauzwa. Kibao kinasema aliirudisha boti. Asingefunga, ingerudi?"

"Isingerudi."

"Basi hakuna uongo hapo. Wape boti yao. Mambo ya ndani yabaki ndani."

Akanitazama. "Wewe, Shemeji, unaweza kumuuzia mtu mzima jeneza, akakushukuru kwa vishikio."

"Nimeshauza," nikasema, na ni kweli.

Hakucheka, lakini hilo si jipya. Mke wangu akaingia kuchukua sinia ya jana, iliyokuwa bado pale chini na vikombe vyake. Msasa akamwita. "Dada. Niifanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni fundi?" Akaokota vikombe. Akavipanga kwenye sinia. "Itengeneze kama ilivyokuwa. Si ndiyo kazi mliyokuwa mnaifanya siku zote hizi, wewe na yeye?"

Nilibaki mlangoni nikamwona anavyofanya. Alichukua kibano, akakiingiza chumba cha injini, akamng'oa baba yake kwenye wenzo. Kinyozi akamwacha, na spana yake. Akaeneza gundi kwenye kingo zote, akashusha sitaha, akaikandamiza kwa viganja, akasubiri. Akaweka mfuniko mahali pake, komeo juu, limefungwa. Akapaka kijivu mshono wote mpaka usijue kwamba pale pamewahi kufunuka. Kisha akamchukua yule mtu wa kiberiti, akamsimamisha kwenye sitaha, karibu na mfuniko. Hakuridhika. Akamsogeza. Akakata mguu mmoja kwa wembe, akaugundisha upya umekunjika, kisigino juu ya komeo.

Katibu alipokuja kuichukua alilalamika kidogo. "Tulipatana sitaha inafunuka."

"Vumbi, Katibu," nikamwambia. "Watoto wa shule watatia vidole. Hii utaifuta kwa kitambaa, umemaliza."

Akaafiki. Watu wa mikutano huafiki upesi jambo linalowapunguzia kazi.

Siku ya ufunguzi mzee alivaa koti lake la zamani. Wala hakukataa kwenda. Nilidhani atasema anaumwa. Hakuwa ameiona boti tangu mchana ule, maana Msasa alikuwa amekirudisha kiti chake chumbani bila kumwambia neno. Tukamshika mkono mimi na Msasa. Mke wangu naye alikuja, akakaa safu ya nyuma karibu na mlango. Hotuba zilikuwa ndefu. Hatimaye Katibu akavuta kitambaa, watu wakapiga makofi, wakamsogeza mzee mpaka kwenye kioo.

Kabati langu lilipendeza, niliseme. Na boti ndani yake ilikuwa kama inataka kuondoka. Mzee alisoma kibao kwanza, midomo inacheza. Halafu akainua macho.

"Unajiona, Mzee wetu?" Katibu akapaza sauti, akigonga kioo kwa kidole. "Huyo juu ni wewe! Fundi amekuweka sitahani kabisa, mguu mbele kama nahodha!"

Watu wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi tena. Katibu aligonga kioo mara nyingine, to, to, na nikauhisi mkono wa mzee ukijikaza ndani ya wangu. Alisimama pale makofi yakaisha, yakaanza mazungumzo ya soda. Msasa alikuwa kando yake, mikono mfukoni, imetulia. Nilitazama mfuko: vidole havikusugua kitu.

"Rangi imekaa," mzee akamwambia.

Neno alilolingoja tangu utotoni, na likaja siku hiyo. Msasa akasema, "Ndiyo, Mzee." Hakusema Baba.

Siku hizi Msasa bado anafanya kazi kwangu, na kazi yake haijashuka, lakini ikifika jioni anaweka msasa chini na kwenda kwenye chumba alichopanga mtaa wa pili. Amenitajia bei yake, hatimaye. Nilibishana kidogo kwa heshima ya biashara, nikampa. Mzee yupo chumbani kwake. Haendi karakana, na wageni wakija hadithi haisimuliwi. Wakimuuliza, anasema koo linamsumbua. Mke wangu bado anampelekea chai, dawa na maji ya kuoga, kwa wakati wake, bila kukosa. Nilimwambia tunaweza kuajiri mtu. Akasema, "Wa nini? Nimeshindwa?"

Anaingia na sinia, anampa, anamngoja amalize. Anatoka na sinia tupu, nyepesi, anaibeba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uko wazi. Mlango anaufunga kwa kisigino. Nausikia mpaka dukani, nikiwa na wateja. Mzee hafoki tena.